Biblia Si Ramli, Mdogo Wangu

Mdogo wangu mmoja ana mtindo wake. Kila asubuhi, kabla hajashuka kitandani, anafumba macho, anafungua Biblia popote, anaweka kidole. Kilipotua, hapo ndipo Mungu amesema. Juzi kikatua Hesabu sura ya 7, kwenye zile sahani na mabakuli ya fedha ambayo wakuu wa makabila 12 wanayatoa mmoja baada ya mwingine, sadaka ileile. Yeye alikuwa anataka kujua aikubali posa au aikatae. Akaona sahani, akadhani ni vyombo vya sendi-ofu!

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikanyamaza, maana hata mimi nimepita huko. Kidole changu kilikuwa na kipaji cha ajabu cha kutua palepale nilipotaka.

Wadogo zangu, hiyo ni ramli iliyovaa jalada jeusi.

Chukua ule mstari mnaoupenda kuuweka kwenye stetasi, Yeremia 29:11, wa mawazo mema ya Mungu na tumaini. Umetoka kwenye barua, na barua hiyo ilikuwa na wenyewe: watu waliopelekwa utumwani Babeli. Rudi mstari mmoja nyuma, utakuta miaka 70. Panda juu zaidi, utakuta maagizo yenyewe: wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wauombee amani mji uleule wa waliowateka. Anayesubiri ajira aliyeushika mstari wa 11 peke yake anangoja simu wiki hii. Aliyeisoma barua yote atachukua jembe huku anangoja. Mimi nadhani huyu wa pili ndiye aliyesikia.

Sisemi neno moja kwa siku halitoshi. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, walianza desturi hiyo mwaka 1728, neno likipelekwa nyumba kwa nyumba. Lakini liliingia kwenye nyumba, likakutana na watu wa kulizungumza. Lako linaingia kwenye simu, unalisukuma kwa kidole gumba, unaendelea na umbea.

Basi fanya hivi. Shika kitabu kimoja, ukimalize. Marko ina sura 16 tu. Soma polepole, kidaftari pembeni, na usianze kwa kuuliza "hapa nimeahidiwa nini?" Uliza huyu mwandishi alikuwa anawaambia akina nani, na kwa nini. Siku nyingine hutasikia kitu. Funga, nenda kazini, kesho rudi.

Siku nyingine utafika Yakobo sura ya 5, pale ujira wa vibarua uliozuiliwa unapopiga kelele mpaka mbinguni, halafu ukumbuke dada wa kazi hujamlipa tangu mwezi uliopita. Hapo unangoja maono ya nini tena? Agizo la leo ndilo hilo, na lina kiasi chake cha shilingi.

Na wewe wa posa, hata Waberoya kwenye Matendo 17 walimsikiliza Paulo, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku kuona kama ndivyo. Hawakuona haya kuhakiki. Kaa na shangazi yako, kaa na mchungaji, tuma mtu mtaani kwao akaulize huyo kijana anaishije na mama yake. Lakini dada mlipe kwanza, leo, kabla hujanywa chai.