Mwalimu Kijana na Mtoto Asiyeona Wala Kusikia

1. Msichana aliyeomba masomo

Mwaka 1866 mtoto wa kike alizaliwa katika jimbo la Massachusetts, nchi ya Marekani. Jina lake Anne Sullivan. Wazazi wake walikuwa watu maskini sana, waliotoka kisiwa cha Ayalandi kutafuta maisha.

Anne alipokuwa na miaka 5 hivi, alishikwa na ugonjwa wa macho unaoitwa trakoma. Macho yakaharibika, akawa karibu kipofu. Kisha mama yake akafa, na baba yake akawaacha watoto. Mwaka 1876 Anne na mdogo wake Jimmie walipelekwa katika nyumba ya kutunzia maskini na wagonjwa. Haikupita miezi mingi, Jimmie naye akafa. Anne akabaki peke yake.

Siku moja wakubwa walikuja kuikagua nyumba ile. Anne hakuweza kuona nyuso zao vizuri. Akawafuata nyuma kutoka chumba hata chumba. Walipokuwa karibu kuondoka, akapaza sauti, akaomba apelekwe masomoni. Ombi lake likasikiwa. Mwaka 1880 akaingia shule ya vipofu ya Perkins, mjini Boston. Alikuwa na miaka 14, na hakujua kuandika hata jina lake mwenyewe.

Anne akajifunza kwa bidii. Waganga wakampasua macho, naye akaweza kuona tena, ingawa si vizuri kabisa. Katika shule ile aliishi mama mmoja aliyeitwa Laura Bridgman, asiyeona wala kusikia. Watu walisema naye kwa vidole: kila herufi ina namna yake ya kukunja vidole, na mwenzako anaishika kwa kiganja chake. Anne akajifunza herufi hizo ili aweze kuongea na Laura. Hakujua bado kwamba herufi hizo ndizo zitakazokuwa kazi yake. Mwaka 1886 akamaliza masomo.

2. Mtoto wa Tuscumbia

Mbali sana upande wa kusini, katika mji mdogo wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, aliishi Bwana Keller na mke wake. Binti yao Helen alizaliwa mwaka 1880, mzima na mchangamfu. Alianza hata kusema maneno machache, na maji aliyaita «wa-wa». Lakini alipokuwa na miezi 19 homa kali ilimshika. Homa ikapona, ila macho na masikio yake yakafungwa. Tangu siku ile Helen hakuona mwanga, wala hakusikia sauti ya mama yake.

Mtoto asiyesikia hawezi kujifunza kusema kwa kusikiliza watu. Helen alijitungia alama zake. Akitaka mkate, alifanya kama mtu anayekata kwa kisu. Akimtaka mama, aligusa shavu lake. Lakini alama hizo hazikutosha. Watu wasipomwelewa, alipiga mateke na kulia mpaka nguvu zikamwishia. Wazazi wake walimhurumia, wakamwacha afanye atakavyo. Basi akazidi kuwa mkali.

Mwaka 1886 Bwana Keller alimpeleka kwa Alexander Graham Bell, yule aliyevumbua simu, ambaye alifanya kazi nyingi ya kuwafundisha viziwi. Bell akamshauri aandikie shule ya Perkins. Mkuu wa shule ile akamchagua Anne.

Anne alifika Tuscumbia tarehe 3 Machi 1887. Alikuwa na miaka 20 tu. Helen alikuwa hajatimiza miaka 7. Helen akampapasa uso na nguo, kisha akaushika mkoba wake, akataka kuufungua. Mama yake alipomnyang'anya, uso wa mtoto ukawa mwekundu kwa hasira. Anne hakumgombeza. Alimpa saa yake ndogo aishike. Helen akatulia mara moja, wakapanda juu pamoja. Anne akaona jambo moja: mtoto huyu si mjinga, ana akili inayotafuta kazi.

3. Ufunguo na kitambaa

Anne alikuwa ameleta mwanasesere, zawadi ya wasichana vipofu wa Perkins. Akampa Helen, kisha akamwandikia kiganjani herufi za neno lile kwa Kiingereza. Helen aliufurahia mchezo huo wa vidole, akauiga. Lakini hakujua kwamba ni jina la kitu.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Mara moja Helen alimfungia Anne chumbani, akauficha ufunguo chini ya kabati. Walimwomba kwa alama aurudishe, akakataa. Bwana Keller akalazimika kuleta ngazi na kumtoa mwalimu dirishani.

Helen alikuwa na desturi ya kuizunguka meza na kutia mikono katika sahani za watu. Asubuhi moja Anne hakukubali aguse sahani yake. Helen akajitupa chini, akapiga kelele. Watu wa nyumba wakatoka. Anne akafunga mlango kwa ufunguo, akaendelea kula. Helen akamfinya, Anne akampiga kofi. Akatupa kijiko, Anne akamshika mkono, akamfanya akiokote. Mwisho akala kwa kijiko. Kisha ikawa vita ya kitambaa cha mezani: Helen alikitupa, na saa nzima ikapita kabla hajakikunja. Ndipo Anne akamfungulia mlango, aende kuota jua. Yeye mwenyewe akapanda chumbani kwake, akajitupa kitandani, akalia.

Alijua kwamba nguvu haziwezi kumfundisha mtu kusema. Lakini alijua pia kwamba mtoto asiyetii hawezi kufundishwa. Wahenga walisema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

4. Nyumba ndogo

Anne akamweleza Mama Keller mawazo yake. Akasema kwamba Helen akiona wazazi karibu, atawakimbilia daima, nao watamwonea huruma. Akaomba akae naye peke yake. Wazazi wakakubali, ingawa mioyo iliwauma.

Palikuwa na nyumba ndogo bustanini, si mbali. Wakabadilisha vyombo vyake, na Helen wakamtembeza kwanza kwa gari la farasi, ili asijue yuko wapi. Usiku wa kwanza alikataa kulala kitanda kimoja na Anne. Wakashindana karibu saa mbili. Kesho yake mara kwa mara aligusa shavu lake: alimtaka mama.

Lakini siku kwa siku akatulia. Akajifunza kushona shanga na kufuma uzi. Majuma mawili hayajaisha, akawa mtoto mpole. Bwana Keller alikuwa akipita kumchungulia dirishani. Siku moja alimleta mbwa wao, Belle. Helen akamkumbatia, kisha akakaa chini, akaanza kuikunja miguu ya mbwa. Watu wakashangaa: anafanya nini? Kumbe, alikuwa akimfundisha Belle kuandika «mwanasesere»!

Walicheka. Lakini Anne alijua kwamba Helen mwenyewe hajui zaidi ya Belle. Vidole vyake vilijua maneno, akili yake haijayajua bado.

5. Bomba la maji

Tarehe 5 Aprili 1887 Helen alichanganya maneno mawili, «kikombe» na «maji». Anne alijaribu tena na tena kumwonyesha tofauti, bila kufanikiwa. Helen akachoka, akamtupa mwanasesere chini, akavunjika. Hakuona huzuni wala majuto.

Anne akafagia vipande, akamchukua nje. Wakaenda mpaka kwenye bomba la kisima. Mtu alikuwa akivuta maji. Anne akautia mkono wa Helen chini ya maji baridi, na katika mkono wake wa pili akaandika «maji», polepole, halafu upesi.

Helen akasimama kimya. Uso wake ukang'aa. Mara akafahamu: hicho kitu baridi kinachopita mkononi kina jina, na jina lake ndilo hilo la vidole! Akaandika «maji» mara nyingi. Akagusa ardhi, akauliza jina lake. Akauliza jina la bomba. Akageuka, akamgusa Anne, akauliza jina lake. Anne akaandika: «Mwalimu».

Kwa saa chache Helen alijifunza maneno 30 mapya. Aliporudi nyumbani akamkumbuka mwanasesere. Akavitafuta vile vipande, akajaribu kuviunganisha, akashindwa. Macho yake yakajaa machozi. Ilikuwa mara ya kwanza kujuta. Na usiku ule, Anne alipopanda kitandani, Helen akaja mwenyewe mikononi mwake, akambusu.

6. Masomo chini ya miti

Siku zile Anne alimtazama mtoto mdogo wa jamaa yao, mwenye miezi 15. Akaona kwamba mtoto yule anafahamu mengi ambayo hajui kuyasema. Ameyajuaje? Kwa sababu watu wanasema naye mchana kutwa. Anne akaamua kusema na Helen vivyo hivyo: si neno moja moja, bali maneno kamili, kiganjani, wakati wa kula, kutembea na kucheza.

Masomo mengi yalifanyika nje. Kando ya mto Tennessee walijenga milima na visiwa kwa udongo na mawe, na hilo lilikuwa somo la jiografia. Katika karatasi ngumu zenye herufi za kupapasa Helen alijifunza kusoma. Siku moja alijibandika neno «msichana» kifuani, akaingia katika kabati la nguo, akapanga maneno mengine kwenye ubao: «yumo katika kabati».

Siku nyingine walipanda mti. Kulikuwa na joto, na kivuli kilikuwa kizuri, wakataka kula huko juu. Anne akaenda nyumbani kuleta chakula. Ghafula jua likafichwa, upepo ukavuma, mti ukatikisika. Helen aling'ang'ania tawi, peke yake katika giza lake. Hakuweza hata kusikia kama mtu anakuja. Alipodhani kwamba ataanguka pamoja na mti, mkono wa Mwalimu ukamshika, ukamshusha.

Maneno ya vitu ni rahisi kufundisha. Lakini utafundishaje neno lisiloshikika? Mara moja Helen alitunga shanga kwa utaratibu, mbili kubwa na tatu ndogo, akakosea. Akatulia kutafuta njia. Anne akamgusa paji la uso, akaandika: «Fikiri». Helen akafahamu kwamba neno hilo ni jina la kazi inayofanyika ndani ya kichwa chake.

7. Miaka 49

Helen aliendelea mpaka masomo makubwa. Mwaka 1900 aliingia chuo cha Radcliffe. Anne alikaa karibu naye, akimwandikia mkononi yote waliyosema wakufunzi, na kumsomea vitabu, ingawa macho yake mwenyewe yalimwuma. Mwaka 1904 Helen akapata digrii. Hakuna mtu asiyeona wala kusikia aliyewahi kupata digrii ya namna hiyo kabla yake. Aliandika vitabu, akasafiri katika nchi nyingi kuwatetea vipofu. Akafa mwaka 1968.

Anne alifariki mwaka 1936. Mwisho wa maisha yake macho yake yalifungwa tena. Alikuwa amekaa na Helen miaka 49, na siku zote Helen alimwita kwa jina lile la kisimani: Mwalimu.

Ninyi watoto, labda katika kijiji chenu yupo mtoto asiyesikia au asiyeona. Pengine wengine wanamcheka, na jamaa zake wanamficha ndani kwa huruma. Msimcheke, na msimwache kando. Akili yake ipo, inangoja mlango. Mpeni vitu mkononi, mwonyesheni kazi, chezeni naye, msichoke upesi. Huruma humpa mtoto chakula. Uvumilivu humpa neno.

Maana ya maneno

Kiganja: upande wa ndani wa mkono.
Kupapasa: kugusagusa kwa mkono ili kujua kitu.
Kujuta: kuona huzuni kwa ajili ya kosa ulilofanya.
Kuchungulia: kutazama kwa siri au kwa nafasi ndogo.

Maulizo

1. Anne alipataje nafasi ya kwenda masomoni?
2. Kwa nini Helen alikuwa na hasira mara nyingi?
3. Bwana Keller alifanya nini mwalimu alipofungiwa chumbani?
4. Kwa nini Anne alitaka kukaa na Helen katika nyumba ndogo?
5. Belle hakuweza kujifunza neno. Kabla ya siku ya bomba, je, Helen alilijua? Eleza.
6. Helen alilia kwa ajili ya mwanasesere baada ya kujua maneno, si kabla. Kwa nini?
7. Fumbeni macho, na mwenzenu awape kitu mkononi. Semeni ni kitu gani, na mmekijuaje.