SOMO LA 9: MWUGUZI ANAYECHUNGA UBONGO

Pengine umekwisha kuona jambo hili katika hospitali. Mutu ameanguka toka juu ya muti, ao pikipiki imemugonga kichwani. Usiku analala kimya. Jamaa wanasema, «Afazali, sasa anapumzika.» Kisha mwuguzi anakuja. Anamwamusha, anamulika macho yake kwa taa, anabonyeza ukucha wake kwa nguvu. Jamaa wanakasirika: «Kwa nini unamutesa mutu wetu?» Somo hili ni jibu.

1. Ndani ya kichwa hakuna nafasi

Ubongo ni kitu laini ndani ya mifupa migumu. Kichwa kikipigwa, mushipa wa damu unaweza kupasuka ndani, hata kama ngozi haina kidonda. Tumbo linaweza kuvimba, lakini mifupa ya kichwa cha mutu muzima haipanuki. Basi damu inakandamiza ubongo. Pengine mugonjwa anasema vizuri kwanza, na baada ya saa chache anaanza kusinzia. Usingizi huo unaweza kuwa mwanzo wa kifo. Kama hakuna mutu anayemwamusha, nani atajua?

2. Kipimo cha mambo matatu

Zamani mwuguzi mumoja aliandika, «Anasinzia.» Mwenzake aliandika, «Amezimia kidogo.» Munganga hakuweza kujua kama mugonjwa anapona ao anazidi kuwa mubaya. Katika mwaka wa 1974 waganga wawili wa muji wa Glasgow, katika Scotland, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitangaza kipimo kimoja cha kuangalia mambo matatu:

Macho: anayafungua mwenyewe, ao akiitwa, ao akiumizwa tu? Hesabu ni toka 1 mpaka 4.
Maneno: anajua jina lake na mahali alipo, ao anachanganya maneno? Toka 1 mpaka 5.
Mwili: akiambiwa «inua mukono», anauinua? Kama hapana, anafanya nini akiumizwa? Toka 1 mpaka 6.

Mutu mwenye kuamka kabisa anapata 15. Mwenye kuzimia kabisa anapata 3. Mwenye 8 ao chini yake yuko katika hatari kubwa. Mwuguzi anaangalia tena na tena, pengine kila nusu saa, na kuandika. Hesabu ikishuka, anamwita munganga mara moja. Anamulika macho pia, kwa sababu mboni ya jicho moja ikipanuka na kukataa kujifunga mbele ya taa, ni dalili kwamba ubongo unakandamizwa.

Kazi hii haihitaji mashini. Inahitaji taa ndogo, karatasi, na mutu asiyechoka kuangalia.

3. Wauguzi walijiunga pamoja

Wauguzi waliona kwamba kuchunga ubongo ni kazi yenye elimu yake. Katika Marekani walianzisha chama chao mwaka wa 1968, na mwaka wa 1969 ukaanzishwa umoja wa dunia nzima, unaounganisha vyama vya inchi mbalimbali. Kwanza vilikuwa vya wauguzi wa wagonjwa wa kupasuliwa kichwa. Baadaye vilibadili majina, kwa maana kazi ni pana zaidi: kifafa, kupooza, magonjwa ya uti wa mugongo. Vyama hivi vinafanya mikutano, vinatoa vitabu, na katika Marekani kuna mutihani kwa mwuguzi anayetaka cheti cha kazi hii. Hivi jambo lililojifunzwa kando ya kitanda kimoja linasaidia mugonjwa wa inchi ingine.

4. Wewe, jamaa ya mugonjwa, ufanye hivi

Sema saa aliyoumia, na kama alizimia.
Usimukataze mwuguzi kumwamusha.
Usimupe chakula wala maji kama hajaamka vizuri. Vinaweza kuingia katika mapafu.
Usimupe pombe wala dawa ya usingizi.
Ita mwuguzi upesi kama anatapika mara kwa mara, anatetemeka kwa kifafa, mukono ao muguu mumoja unalegea, ao damu ama maji yanatoka puani ao masikioni.
Akirudishwa nyumbani, mutu mumoja akae naye usiku na mchana wa kwanza. Dalili moja ikionekana, ao kichwa kikizidi kuuma, ao ikiwa vigumu kumwamusha, murudishe hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Wewe unamujua mugonjwa kupita mwuguzi. Ukisema, «Leo hazungumuzi kama kawaida yake,» neno lako linaweza kumuokoa.

MASWALI
1. Kwa nini damu ndani ya kichwa ni hatari kupita uvimbe wa tumbo?
2. Ni mambo gani matatu ambayo mwuguzi anaangalia?
3. Kama ndugu yako amegongwa kichwa na sasa anasinzia, utafanya nini?