KORONGO MWEUPE NA SAFARI YAKE

Mwisho wa mwezi wa Agosti, siku za joto zikaribiapo kwisha huko Ulaya, watu wapendao kutazama ndege hutoka pamoja na rafiki zao kwenda katika uwanda mpana wa Hortobágy, nchi ya Hungaria. Huchukua darubini na daftari, kwani wakati huo korongo weupe hukusanyika makundi makundi tayari kusafiri.

Ndege huyu ni mweupe, mabawa yake yana manyoya meusi, na mdomo na miguu ni myekundu. Safarini hapigi mabawa sana, bali huinuliwa na hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini, kisha huteleza mbele. Juu ya bahari hewa hiyo ni haba; kwa hiyo huizunguka Bahari ya Kati, akapita Uturuki na Sinai, akaufuata mto Nile hata Afrika.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua aendako. Mwaka 1822 korongo mmoja alipatikana Ujerumani, naye amechomwa shingoni mkuki wa Kiafrika. Ndipo siri ilipoanza kufichuka.

Katika Kenya huonekana katika nyanda kama za Athi, akila nzige na viwavi jeshi. Basi mkulima amwonapo shambani asimpige mawe, wala asitumie dawa ya wadudu ovyo, maana mdudu mwenye sumu aweza kumdhuru ndege amlaye. Amwuaye korongo awasaidia viwavi.