Mtoto Ainue Macho Akijua

Wazazi fulani wameniuliza kuhusu kupeleka watoto Sistine, kule Vatikani. Kateni tiketi mapema mtandaoni. Foleni humaliza nguvu za mtoto kabla hajaona kitu. Halafu someni Mwanzo 1 hadi 9 nyumbani, pamoja. Michelangelo alichora dari ile 1508 hadi 1512, na picha tisa za katikati ni sura hizo hizo. Ndani watu wamebanana, walinzi wananyamazisha, kupiga picha hakuna. Hutapata nafasi ya kuhubiri pale! Mtoto anayejua habari ataitafuta safina mwenyewe. Asiyejua ataona migongo ya watu tu. Na akiuliza mbona Nuhu amelala uchi, usimnyamazishe. Mfungulie Mwanzo 9:21, asome.