SOMO LETU: ISAKA ALIVIZIBUA VISIMA

Andiko la kusoma: Mwanzo 26:12-25. Someni pia Ezekieli 34:18 na Yeremia 29:4-7.

 

Kuna swali ambalo limekuwa likizunguka katika vikundi vya nyumbani, na hata kwenye foleni ya maji. Watu wanauliza: kwa nini tupande miti kwenye ardhi ambayo si yetu? Labda mwakani jina langu litatoka nipelekwe ng'ambo, au amani itarudi niende kwetu. Huo mti nampandia nani? Swali hili ni la haki, wala anayeliuliza hana imani ndogo. Ni mtu aliyejenga mara mbili au tatu na mara zote akaacha. Kwa hiyo tusilijibu kwa haraka. Tuanze na Isaka.

Isaka alikuwa mgeni Gerari. Njaa ndiyo iliyomfikisha huko, kama sisi tulivyofikishwa hapa na vita. Alipanda, Mungu akambariki, akavuna mara mia, na wenyeji wakamwonea wivu. Visima ambavyo watumishi wa baba yake Ibrahimu walivichimba, Wafilisti walikuwa wamevijaza udongo. Tusipite hapo upesi. Katika nchi kavu, mtu anafukia kisima kwa nini? Ng'ombe wa Mfilisti nao wana kiu. Ni kwamba walikubali wao wenyewe wakose maji, mradi mgeni asiyapate. Sisi tuliotoka kwenye vita tunaijua roho hiyo, hatuhitaji mwalimu wa kutufafanulia.

Isaka alipofukuzwa akaenda kupiga hema bondeni. Kazi yake ya kwanza huko ilikuwa kuvizibua visima vya kale, akavirudishia majina aliyovipa baba yake. Hakuna muujiza hapo. Ni majembe, udongo na jasho.

Leo wako watu ambao mshahara wao unatokana na kuzibua namna hiyo. Tumechagua mfano wa mto ulio mbali, unaoitwa Cedar River, karibu na jiji la Seattle huko Marekani. Tumeuchagua kwa kuwa habari zake zinajulikana vizuri, na pia kwa kuwa baadhi ya ndugu zetu Wakongomani walipelekwa kuishi katika jimbo lile la Washington. Aliye Seattle akifungua bomba la jikoni, mara nyingi anakunywa maji ya mto huo.

Kwanza tuelewane juu ya neno moja. Eneo la vyanzo vya maji ni nchi yote ambayo mvua yake inateremka na kukusanyika katika mto mmoja. Fikirini bati la nyumba linalojaza pipa. Kama juu ya bati kuna mavi ya kuku, pipa litakuwa nayo, hata ukiliosha pipa kila siku. Eneo la Cedar River ni bati kubwa: zaidi ya hekta 36,000 za milima na misitu, na lote ni mali ya jiji, yaani mali ya umma. Maji yake hutiwa dawa kabla ya kufika mjini, na tangu mwaka 2004 yanasafishwa pia kwa ozoni na mwanga maalum unaoua vijidudu. Lakini hayapitishwi kwenye chujio. Chujio ni msitu wenyewe.

Hawakuanza vizuri. Mwaka 1889 Seattle iliungua, maji ya kuzima moto yakakosekana, na wananchi wakapiga kura kuleta maji kutoka mto huo. Maji yakafika mjini mwaka 1901. Ili kuyachukua, walijenga ukuta mtoni mahali paitwapo Landsburg. Ukuta ule ukawafungia njia samaki waitwao samoni. Huko juu makampuni ya mbao yalikuwa yakikata msitu, na yaliendelea kwa miaka mingi. Miti mikubwa ya kale ikaisha isipokuwa karibu sehemu moja ya sita ya eneo. Magari ya magogo yakachonga barabara mlimani, karibu kilomita 1,000 kwa jumla.

Mwaka 2000 jiji lilitia sahihi mpango wa miaka 50 na serikali, wa kutengeneza upya makao ya viumbe katika eneo hilo. Umetaja aina 83 za samaki, ndege na wanyama, na ukataji wa miti kwa biashara ukakoma. Hapo ndipo wanabiolojia, yaani watu waliosomea viumbe hai, walipopata kazi kubwa. Tunataka mwone jinsi kazi hiyo inavyofanana na ile ya Isaka. Sehemu kubwa yake ni kuondoa yale ambayo watu waliotangulia waliyaweka.

Chukueni barabara. Barabara ya udongo mlimani ni kidonda. Mvua ikinyesha, tope linashuka mtoni. Samoni hutaga mayai chini ya changarawe, na mayai yanahitaji maji yapite katikati ya mawe ili yapate hewa. Tope likijaa humo, mayai yanakufa kama mtoto aliyefunikwa blanketi usoni. Kwa hiyo mpango ulisema zaidi ya theluthi moja ya barabara zile zifutwe. Katapila inang'oa kalavati, inavunja udongo ulioshindiliwa, inaurudisha ulikotolewa, kisha mimea inapandwa juu. Mtu aliyekulia kijijini kwetu, ambako barabara iliombwa kwa miaka 20 na haikuja, atashangaa kusikia kwamba watu wanalipwa kufuta barabara!

Msitu nao una shida yake. Miti iliyoota baada ya ukataji iliota kwa wakati mmoja, imebanana, na jua halifiki chini. Ni kijani kwa macho, lakini chini ni kama jangwa. Mwanabiolojia anapima, anaweka alama, na baadhi ya miti inakatwa ili iliyobaki inenepe na mimea mingine ipate nafasi. Mingi inaachwa palepale ioze, iwe chakula cha wadudu na kitanda cha miche. Na kwenye vijito wanaweka magogo makubwa kwa makusudi. Sisi tumezoea kudhani kijito kizuri ni kile kisicho na kitu. Kumbe gogo linapunguza mwendo wa maji, linachimba kidimbwi chenye kina, na samaki wadogo wanapata pa kujificha.

Tukae kidogo na habari ya samaki, maana ndiyo inayotugusa zaidi. Samoni huzaliwa mtoni, huteremka baharini, hukua huko, kisha hurudi kutaga katika mto alikozaliwa, na baada ya kutaga hufa. Kwa zaidi ya miaka 100 waliofika Landsburg waligonga ukuta. Mwaka 2003 jiji lilimaliza kujenga ngazi ya samaki, yaani vidimbwi vilivyopangwa kama ngazi ili samaki aruke kimoja hadi kingine. Zaidi ya kilomita 20 za mto na vijito zikafunguka.

Sasa, ni nani angepanda? Hakuna samoni hata mmoja aliye hai aliyekuwa amezaliwa juu ya ukuta. Mababu zao walikuwa wamekwisha kufungiwa nje vizazi vingi nyuma. Wanabiolojia hawakubeba samaki kwa ndoo kuwapeleka juu. Walifungua njia, wakangoja na kuhesabu. Msimu uleule wa vuli wa mwaka 2003, samoni wa aina mbili, chinook na coho, walipanda wenyewe. Wengi tunapenda kusema kwamba atakayerudi ni yule aliyeondoka. Mto huu uliamshwa na wageni. Walitaga mahali ambapo wao wenyewe hawakuzaliwa, na watoto wao waliporudi kutoka baharini, wakawa ni wa hapo.

Tuseme pia kwamba mlango haukufunguliwa kwa wote. Aina ya tatu, sockeye, huja kwa makundi makubwa sana, nao wote wakifa juu ya mahali pa kuchota, maji ya mji yangeharibika. Hao wanazuiwa Landsburg. Ni uamuzi mgumu, na mwanabiolojia wa pale hana uhuru wa kuwatazama samaki peke yao. Nyuma yake kuna watu milioni moja na zaidi wanaongoja maji.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wakimbizi hatuwezi kulinyamazia. Maji yale safi yana gharama ambayo watu walilipa. Mwaka 1915 maji ya bwawa jipya la jiji yalipenya chini ya ardhi ya changarawe yakaibukia katika mji mdogo wa Moncton. Yalipanda polepole, nyumba moja hadi nyingine, mpaka mji ukawa ziwa. Mwaka 1947 mji mwingine, Taylor, uliokuwa wa wachimba makaa ya mawe na watengeneza matofali, uliondolewa ili eneo la maji libaki safi. Na kabla ya hao wote, mto ulikuwa wa wenyeji wa asili, ambao wazao wao wamo katika kabila la Muckleshoot. Ilichukua hadi mwaka 2006 jiji na kabila hilo kupatana juu ya mto, pamoja na haki ya wanakabila kuingia tena kwa uwindaji na desturi zao. Watu wengine hawaingii mle bila ruhusa.

Kwa hiyo hatusemi, "Tazameni Wamarekani, tuige." Kuna tofauti kubwa. Yule mwanabiolojia ana mshahara, ana mashine, na ardhi anayoitengeneza ina mwenyewe mmoja anayejulikana. Sisi tuna kiwanja tulichoazimwa, jembe, na chungu kinachongoja kuni leo jioni. Mama anayekata tawi bichi si adui wa mazingira, ana watoto wenye njaa. Mahubiri ya kupanda miti yasiyosema lolote juu ya kuni ni mahubiri ya mtu aliyekwisha kula.

Lakini turudi kwa Isaka, maana tulimwacha bondeni. Watumishi wake walipata kisima cha maji yaliyo hai, wachungaji wa Gerari wakasema ni chao. Akakiita Eseki, maana yake ugomvi, akaondoka. Wakachimba cha pili, wakagombana tena. Akakiita Sitna, maana yake uadui, akaondoka. Cha tatu hawakukigombania, akakiita Rehobothi, kwa kuwa Mungu amewapa nafasi. Sasa tuulize: Eseki na Sitna, nani aliendelea kunywa humo? Ni wale wale waliomfukuza. Isaka alijua kabisa jinsi kisima kinavyofukiwa, alikuwa ametoka kuvizibua kadhaa. Hatusomi popote kwamba alivifukia alipoondoka. Aliviacha wazi.

Hapa Nakivale sisi tuko mwisho wa njia ya maji. Mto Rwizi unaanza kwenye vilima vya Buhweju, unapita Mbarara mjini, ndipo unaelekea kwenye maziwa ya huku kwetu, na ziwa letu ndilo tunalonywa. Yaliyotupwa juu yanatufikia. Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawakemea kondoo wanene ambao hunywa maji safi kisha huyavuruga kwa miguu yao, na wengine wakaachiwa matope. Ni rahisi kusoma andiko hilo huku tukiwaangalia watu wa juu. Lakini mafunjo ya kando ya ziwa, ambayo hushika tope kabla halijaingia majini, anayeyafyeka ili alime mpaka ukingoni ni nani? Wengine ni wenyeji, wengine ni sisi, na mvuvi na mchota maji wanaumia sawasawa. Sheria ya Uganda nayo inalinda ukanda wa kando ya maziwa na mito usilimwe.

Na kupanda kwenyewe tukufanye kama wale wa Cedar River, yaani kwa kuhesabu. Tarehe 5 Juni, siku ya mazingira, miche hupandwa, picha hupigwa, na juma la tatu mbuzi wamekwisha kula. Afadhali kikundi kipande miche kumi, kiizungushie miiba, na kirudi baada ya kiangazi kuona ni mingapi iko hai. Mikaratusi tusiipande karibu na maji, inakunywa sana. Kwenye mteremko, makinga maji ya majani au mawe yatazuia udongo wa shamba lako usiende ziwani, na faida hiyo unaivuna msimu huohuo, hata kama jina lako litatoka mwakani.

Maswali kwa vikundi vya nyumbani:

Isaka aliondoka Eseki bila kupigana. Je, kuna kisima au bomba hapa kwetu linalostahili jina hilo? Tumewahi kuzungumza na wenyeji juu yake, au tumezungumza juu yao tu?

Wale samoni wa kwanza walitaga mahali ambapo hawakuzaliwa. Someni Yeremia 29:4-7, kisha kila mmoja aseme ni kitu gani amekiahirisha kukifanya hapa kwa sababu anangoja kuondoka.

Watu wa Taylor walihamishwa ili wengine wapate maji safi. Mngekuwa wazee wa jiji lile, mngeamua nini, na mngewaambia nini wenye nyumba?

Wazee wa kila kanda walete majibu ya swali la kwanza kwenye mkutano wa wazee, maana tunataka kuyapeleka kwa kamati ya maji pamoja na viongozi wa wenyeji.