Bati Likiezuliwa Usiku: La Kufanya Kabla Fundi Hajafika

Masika, Machi hadi Mei, hayatuonei huruma sisi tuliopanga Moshi mjini wala wazazi wetu kule Kibosho na Marangu. Upepo ukiezua bati usiku, fundi ni mpaka asubuhi. Hadi afike, fuata haya:

1. Toa watu kwanza kwenye chumba kilichoezuliwa. Godoro, vyeti na laptopu baadaye.

2. Zima umeme kwenye mainswichi. Ukikuta imelowa au umesimama kwenye maji, usiiguse. Tokeni nje, muite TANESCO.

3. Dari ikifanya tumbo, imebeba maji. Umeme ukishazimwa, weka ndoo, simama pembeni, itoboe kidogo kwa fimbo ndefu. Ikishaanza kupasuka, iache.

4. Usipande juu, hata kama jirani ana ngazi. Bati bichi linateleza, na kenchi iliyooza huioni gizani. Turubai lisubiri mwanga na fundi.

5. Mtu akinasa chini ya paa, piga 114, Zimamoto na Uokoaji.

Kukikucha, piga picha za uharibifu umtumie mwenye nyumba. Bati linauzwa dukani. Uti wa mgongo hauuzwi.