Kwenda Mtae kwa Miguu, Wewe na Mbwa Wako

Mdogo wangu wa Tanga, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unataka likizo ya Julai upande Usambara, utembee kutoka Lushoto mpaka Mtae na mbwa wako, na mama anasema umechanganyikiwa. Hujachanganyikiwa. Njia hiyo nimeipita na mbwa wangu Popi, na siku zile nazihesabu hadi leo kati ya siku zangu njema. Ila nikwambie jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu: safari hiyo ni ya mbwa kwanza, kisha ya wenyeji, na wewe unakuja wa tatu.

Anza na mwili wake. Kwa barabara ni kiasi cha kilomita 60, na kila bonde unaloshuka utalipanda ng'ambo ya pili. Watembezi wengi hutumia siku tatu au nne. Ninyi wekeni tano. Popi nilimtoa uani moja kwa moja, sikumzoesha. Siku ya pili nyayo zilichubuka akawa anachechemea, nikambeba mgongoni kwa kanga hadi kijiji cha Lukozi. Kosa lilikuwa langu, maumivu yakawa yake. Kwa hiyo kuanzia sasa mtoe alfajiri, kilomita tatu, wiki ijayo tano, mpaka aweze kwenda kumi na tano siku mbili mfululizo na bado akuamshe siku ya tatu. Asipoweza, muache nyumbani bila kinyongo. Na kama hajatimiza mwaka, mifupa yake bado inakua; subiri.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. Hutolewa mbwa akishafikisha miezi mitatu, hurudiwa kila mwaka, na kinga yake huhitaji wiki tatu hadi nne kukomaa, kwa hiyo usiende kwa daktari wa mifugo siku moja kabla ya safari. Chukua na dawa ya kupe. Cheti kiweke kwenye mfuko wa nailoni, mkononi. Mkipambana na mbwa wa kijijini akakung'ata wewe, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Ndiyo maana watoto wa njiani watamkimbia mbwa wako, wengine watashika mawe. Usiwakasirikie, wamefundishwa vizuri. Mfunge kamba fupi, simama kando ya njia, salimia wewe kwanza, wapite.

Sasa kuhusu kulala, hapa ndipo wengi huharibu. Vijiji vingi vya njia hiyo vina Waislamu, na kwa madhehebu ya Shafii, wanayoyafuata Waislamu wengi wa kwetu, mate ya mbwa ni najisi: chombo alicholamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mama aliyekukaribisha hatakwambia neno, atanyamaza kwa heshima. Usimfikishe huko. Piga simu kabla, sema wazi kwamba unakuja na mbwa, na akisita, mshukuru utafute kwingine. Beba bakuli la mbwa, sufuria yake, gunia lake la kulalia. Usimpitishe sebuleni, usimlaze karibu na mkeka wanaposalia. Nyumba moja niliomba banda la kuni tu, tukalala humo wote wawili. Asubuhi mwenye nyumba mwenyewe alimletea Popi maji kwenye kifuu. Hiyo ndiyo heshima inavyorudi. Julai kule usiku ni baridi kweli, kwa hiyo blanketi ziwe mbili.

Mbuzi nao. Mbwa wa mjini akiona mbuzi anadhani ni mchezo, kumbe ni ada ya shule ya mtoto wa watu. Kamba isitoke mkononi.

Chakula chake kibebe: unga, dagaa waliokaushwa, chumvi hapana. Mabaki ya mchuzi usimpe, kitunguu ni sumu kwake. Zabibu na chokoleti vilevile. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka ikamchoma utumbo. Maji ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Mabonde ya kabichi na karoti hupuliziwa dawa, na mbwa mwenye kiu hachagui mfereji. Mbwa wa kilo 20 anahitaji kama lita moja kwa siku akiwa amelala tu, akitembea ongeza. Jua likiwaka, weka kiganja ardhini: usipovumilia sekunde saba, naye asikanyage, tafuteni kivuli mpaka alasiri.

Kuhusu usafiri, ongea mapema. Makonda wengi watakukatalia stendi mbele ya watu, na mtu aliyekataliwa saa kumi na moja alfajiri huvunjika moyo. Tafuteni gari la kukodi, mchange na rafiki hadi Mombo au Lushoto kwenyewe. Msitu wa Magamba ni hifadhi, na ruhusa ya kuingia na mbwa uiulize Lushoto kabla hujaanza kutembea.

La mwisho, mdogo wangu. Mtae iko ukingoni kabisa mwa milima, na chini yake unaiona Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, ambako mbwa mwitu wamekuwa wakizalishwa na kurudishwa porini. Magonjwa ya mbwa wetu huwafikia wanyama wa porini: mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, uliohusishwa na mbwa wa vijijini, uliua simba wapatao 1,000 Serengeti. Mwombe daktari chanjo ya distempa pia. Mkifika pale juu, kaeni mtazame tambarare hadi jua lizame, mpe maji yake, na tafadhali usishuke naye Mkomazi.